Msilaumu ukuta kabla ya kuhesabu wavamizi

Ndugu Mhariri,

Kila msimu wa futiboli ya vyuo vya Marekani ukifika katikati, kurasa za michezo hurudia maneno yaleyale: timu fulani imeshindwa kuhimili blitsi, yaani uvamizi wa walinzi wengi dhidi ya mtupa pasi, kwa sababu ukuta wake wa mbele ni dhaifu. Maneno hayo ni mepesi mno. Mara nyingi wale watano wa mbele wamefanya kazi waliyopangiwa, kila mmoja kamzuia mtu wake, na bado kwotabeki, yule mtupa pasi wao, amelazwa chini na mtu ambaye hakuguswa na yeyote. Mtu asiyeguswa hajamshinda mwenzake nguvu. Amepenya kwenye kosa la hesabu, na kosa hilo kwa kawaida limefanyika kabla mpira haujaanzishwa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kila upande una wachezaji 11. Kwa wenye mpira, watano wa mstari wa mbele, yaani senta, gadi wawili na tekeli wawili, kazi yao kwenye pasi ni kuzuia tu. Ongeza mkimbiaji anayesimama ubavuni mwa kwotabeki, wazuiaji wanakuwa sita. Ulinzi wa kawaida hutuma wavamizi wanne na kubakiza saba nyuma kulinda pasi. Ukituma watano au zaidi, hiyo ndiyo blitsi. Wazuiaji sita kwa wavamizi watano, inatosha na chenji inabaki. Kwa nini basi timu zinaumizwa hata na watano? Kwa sababu wazuiaji sita hawawezi kuzuia wavamizi wowote tu watakaojitokeza. Wanazuia wale waliowahesabu kabla ya mpira. Akija ambaye hakuhesabiwa, na mmoja wa waliohesabiwa akarudi nyuma, mzuiaji mmoja atakumbatia hewa na mvamizi mmoja atakuwa huru.

Ndiyo maana kabla ya mpira utamwona senta au kwotabeki akimnyooshea kidole lainbeka mmoja, yaani mlinzi wa mstari wa pili, na kupaza sauti. Hamtishi mtu. Anatangaza mahali pa kuanzia kuhesabu: huyu ndiye wa kati, aliye kulia kwake ni wa fulani, aliye kushoto ni wa fulani. Kidole kikimwelekea asiye sahihi, watano wote watalifuata kosa hilo kwa nidhamu kamili.

Kugawana kazi kuna njia kuu mbili. Katika ya kwanza, watano wote wanahamia upande mmoja, kila mtu akiziba mwanya ulio upande huo bila kujali nani atatokea, na mkimbiaji anabaki na ukingo wa upande wa pili. Ni rahisi kufundisha, na haileti mkanganyiko wavamizi wanapopishana njia. Ubaya wake unaonekana kwa macho: mkimbiaji wa kilo 95 anakutana na mvamizi wa pembeni wa kilo 120 anayekuja kwa kasi. Njia ya pili inaugawa ukuta. Watatu wanahamia upande mmoja wakiziba mianya, wawili wa upande mwingine wanashika watu wao, na mkimbiaji anapewa walinzi wa nyuma wa upande wa hao wawili. Yeye anasoma kutoka ndani kwenda nje: kwanza aliye karibu na katikati, asipokuja ndipo amwangalie wa pembeni. Kocha wa ulinzi akishaijua njia hiyo kwenye video, atawatuma wote wawili, wa ndani na wa nje, kwa wakati mmoja. Mkimbiaji ni mmoja.

Chukua jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira yadi 10, yadi 8 zimebaki. Lainbeka wawili wanasogea na kusimama kwenye mianya miwili inayomzunguka senta, mmoja kushoto, mmoja kulia, karibu kiasi cha kumpumulia usoni. Pembeni mwao wako wavamizi wanne wa kawaida. Senta ana watu wawili mbele yake, na mkono wake mmoja hauko huru mpaka autume mpira nyuma yadi 5 alikosimama kwotabeki. Jibu lililozoeleka ni hili: senta amchukue lainbeka mmoja, mkimbiaji apande amchukue wa pili, gadi na tekeli wabaki na wale wanne. Kwenye ubao wa kocha, sita kwa sita. Mpira unaanzishwa. Lainbeka wote wawili wanarudi nyuma kulinda pasi, na beki wa tano, yule aliyesimama nje akijifanya anamkaba mpokeaji wa ndani, anachomoka ukingoni. Senta hana mtu. Mkimbiaji ameshapanda hatua mbili kuelekea katikati. Anageuka, lakini kati yake na ukingo kuna kwotabeki na migongo ya wenzake. Wavamizi ni watano, wazuiaji ni sita, na huyo wa tano anafika akiwa mzima mzima katika sekunde mbili hivi. Hapo nani kazidiwa nguvu?

Ipo sura mbaya zaidi ya mfano huo, na ndiyo inayopendwa zaidi na makocha wa sasa. Wakati beki wa tano anachomoka, mmoja wa wale wanne wa kawaida naye anarudi nyuma. Sasa wavamizi ni wanne tu. Si blitsi hata kidogo kwa hesabu, ni blitsi ya uongo. Tekeli aliyejiandaa kumzuia aliyerudi nyuma anabaki akitazama, mtu huru yupo palepale, na nyuma wamebaki walinzi saba. Kwotabeki anapata hasara ya blitsi bila ile faida yake, yaani uwazi unaoachwa na waliotumwa.

Uwazi huo ndio dawa ya zamani ya blitsi: tupa mpira haraka pale alipotoka mvamizi. Mpokeaji anaikata njia yake, anaingia kwa mshazari ndani, mpira unamfikia kabla kwotabeki hajaguswa. Kocha wa ulinzi Dick LeBeau alipokuwa na Cincinnati Bengals, timu ya ligi ya kulipwa ya NFL, katika miaka ya 1980 aliifanya dawa hiyo kuwa sumu. Alituma watano, lakini baadhi yao wakitokea nyuma, huku mtu wa mstari wa mbele akirudi kusimama kwenye mshazari uleule ambao kwotabeki amefundishwa kutupa. Sita waliobaki wanagawana uwanja: watatu kwa pasi fupi, watatu kwa ndefu. Mtindo huo ulienea mpaka vyuoni. Kijana wa miaka 19 anamwona lainbeka anakuja, anafanya alichoambiwa tangu shule ya sekondari, anatupa palepale, na mpira unadakwa na jitu la kilo 120 ambalo sekunde moja iliyopita lilikuwa limeinama na mkono chini. Kila mtu anasema kijana hana macho. Macho anayo. Alichokosa ni swali la pili: aliyekuja ameachiwa nafasi na nani?

Kuna mambo ambayo ni ya vyuo peke yake, na wanaolinganisha timu za vyuo na zile za kulipwa huyapita kama hawayaoni. Uwanja una upana wa futi 160. Kwenye NFL alama fupi za katikati, zinazoamua mpira uwekwe wapi, zimeachana futi 18 na inchi 6, hivyo mpira huanzia karibu na kati karibu kila mara. Vyuoni zimeachana futi 40. Mpira ukiwekwa kwenye alama ya kushoto, upande wa kushoto unabaki na yadi 20, wa kulia una yadi 33 na ushee. Upande mfinyu ni shamba la blitsi. Beki anayesimama huko yuko karibu na mpira kwa sababu hakuna pengine pa kusimama, kwa hiyo ukaribu wake haumshtui mtu. Akivamia, safari yake ni fupi. Alichokiacha wazi nyuma ni kipande kidogo ambacho mwenzake mmoja, akisaidiwa na mstari wa pembeni, anakimudu. Na wenye mpira, kwa kupenda nafasi, wamewapanga wapokeaji watatu upande mpana, mbali kabisa na uwazi uliobaki. Pasi ya haraka kwenda huko ni fupi kwa yadi zinazohesabiwa, lakini mpira unasafiri hewani muda mrefu, na beki mwenye subira anauwahi.

Halafu muda wa kufundisha. Kwa sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, msimu ukiendelea, mchezaji hazidishi saa 20 za shughuli za timu kwa wiki na saa 4 kwa siku, na lazima apate siku moja ya mapumziko. Mechi yenyewe inahesabiwa saa 3. Katika zilizobaki mna mazoezi uwanjani, vikao, video na chumba cha vyuma. Ulinzi wa wiki hii ukiwa na blitsi kumi tofauti, ukuta utaziona kwa mwendo halisi mara chache mno, tena kutoka kwa wachezaji wa akiba wanaoigiza kwa kusoma kadi. Kadi humwonyesha mtu pa kwenda. Haimfundishi kujificha mpaka sekunde ya mwisho.

Ukuta nao haukai pamoja kama zamani. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhamia chuo kingine na kucheza mara moja bila kukaa nje mwaka mzima, na makocha wanajaza nafasi za gadi na tekeli kwa wageni wa miezi michache. Kila chuo kina msamiati wake wa miito ya ukutani. Neno linalomaanisha tuhamie kushoto huku, kule mgeni alikotoka lilikuwa na maana nyingine. Wavamizi wawili wanapopishana, mmoja akigonga tekeli kutoka ndani na mwingine akizunguka nyuma yake kuingia katikati, gadi na tekeli wanatakiwa kubadilishana watu bila neno, kwa bega tu. Mmoja akisimama nyuma zaidi ya mwenzake, hata kwa nusu yadi, mmoja atakwaruzana na mwenzake na yule anayezunguka atapita. Hapa, tukubali, kosa ni la ukuta. Lakini ni kosa la kukosa mazoea, si la kukosa misuli.

Suala la nani anafanya uamuzi lina uzito wake pia. Timu nyingi za vyuo hupanga haraka, kisha wote 11 wanageuza shingo kutazama pembeni ili kocha, akishauona ulinzi, abadilishe mpango. Ni ujanja mzuri wa kumpunguzia kijana mzigo. Ulinzi wenye akili umejifunza kutojionyesha mpaka shingo zirudi. Tangu 2024, ngazi ya juu ya vyuo, FBS, imeruhusu kocha kuzungumza na mchezaji mmoja uwanjani kwa redio iliyo ndani ya helmeti, lakini sauti inakatwa saa ya kuanzisha mpira ikibakiza sekunde 15, au mpira ukianza kabla ya hapo. Sekunde 15 hizo ndizo ambazo beki wa mwisho anashuka kutoka yadi 12 hadi 7 na lainbeka anahamisha uzito kwenda kwenye vidole vya miguu. Kocha ameona. Hawezi kusema. Kwotabeki ambaye wiki nzima amezoea kuambiwa ndiye anayetakiwa sasa kuhesabu peke yake, mbele ya umati wa maelfu unaopiga kelele.

Tena mashambulizi yenyewe yamemzoesha kuhesabu mtu mmoja tu. Mchezo unaotawala vyuoni ni ule wa kukimbia au kupasia kwa kumsoma mlinzi mmoja: akisogea kwa mkimbiaji, tupa, akibaki, mpe mkimbiaji mpira. Sheria ya vyuo inausaidia, kwa kuwa ukuta unaruhusiwa kusonga mpaka yadi 3 mbele wakati pasi inatupwa, ilhali NFL ni yadi 1. Jaribio la kwanza na la pili, mchezo huo unaukwepa uvamizi wote, kwa sababu mpira umeshatoka mkononi. Ikifika jaribio la tatu na yadi 8, milango hiyo inafungwa: hakuna anayeamini tena kwamba utakimbia. Kijana anakutana na somo ambalo hakulisoma kuanzia Jumatatu.

Lawama nyingine ni yake mwenyewe kwotabeki, na huwa anasamehewa kwa urahisi kwa sababu picha ya televisheni inamwonyesha akiwa ameonewa. Tekeli hupanga hatua zake akijua kwotabeki atasimama takriban yadi 7 nyuma ya mstari. Anamsukuma mvamizi azunguke nyuma ya hapo. Kwotabeki mwenye hofu anarudi mpaka yadi 10, na sasa yuko hasa kwenye njia ya mvamizi aliyekwisha kuzungushwa vizuri. Ukuta ulishinda, kwotabeki akaufuata ushindi ule kwa mgongo. Tazama marudio ya polepole: kama mvamizi amempata kwotabeki akiwa nyuma ya visigino vya tekeli, anza kuuliza maswali kwa huyo mwenye mpira. Kama kashikilia mpira zaidi ya sekunde tatu dhidi ya wavamizi sita, usiulize hata maswali.

Wengi hupendekeza dawa ya kuongeza wazuiaji: mbakize taiti endi, yule mpokeaji anayepangwa mwishoni mwa ukuta, mbakize na mkimbiaji, wawe saba. Inafaa mara mojamoja, hasa unapotaka kutupa mbali kwa wapokeaji wawili au watatu. Lakini ulinzi unaokaba mtu kwa mtu una sharti moja dogo lenye madhara makubwa: mtu wako asipotoka kupokea, wewe nenda kavamie. Ukimbakiza taiti endi, umemwalika mlinzi wake. Umeongeza mzuiaji wa saba na mvamizi wa saba kwa pamoja, na umepoteza mpokeaji.

LSU, timu ya chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, mwaka 2019 ilikwenda njia iliyo kinyume. Kwotabeki wake Joe Burrow, mchezaji wa mwaka wa tano wa chuo, mara kwa mara alilindwa na watano tu, wapokeaji watano wakitoka. Alijua kabla ya mpira kwamba mtu huru yupo, anatoka wapi, na pasi iende kwa nani. Mkimbiaji wake Clyde Edwards-Helaire alidaka pasi 55 msimu ule. Burrow alitupa pasi 60 za miguso, yaani za kufunga, na timu ikamaliza 15 kwa 0. Ukuta huohuo ulitunukiwa Joe Moore Award, tuzo ya ukuta bora wa mwaka. Ulikuwa mzuri, hakuna ubishi, lakini haukulazimika kuzuia kwa sekunde nne.

Si kila chuo kina Burrow, ila yapo yanayowezekana kwa kijana wa kawaida. Kila mchezo unaoitwa uwe na jibu la swali moja analoweza kulijibu usingizini: wakija wote, asiye na mzuiaji ni nani? Mpokeaji ahame kabla ya mpira. Mlinzi akimfuata mpaka upande wa pili, ukabaji ni wa mtu kwa mtu, na uwezekano wa blitsi nzito umepanda. Beki wa mwisho akisogea na kusimama nyuma ya beki wa tano, mtu mmoja anataka kuondoka hapo na mwingine anakuja kumrithi. Mwito wa kuanzisha mpira ubadilikebadilike. Timu inayoanza kwa pigo lilelile la kofi kila mara inamhesabia mvamizi muda wa kuondoka. Zaidi ya yote, pasi zitupwe jaribio la kwanza, ambapo ulinzi bado una wasiwasi wa kukimbiwa. Pasi ya pazia, ile ya kuwaachia wavamizi wapite kisha mkimbiaji apewe mpira nyuma yao, inasifiwa kuliko inavyostahili: wachezaji wa ukuta wakiachia mapema kidogo tu, kwotabeki hapati hata nafasi ya kuinua mkono. Ifanyiwe mazoezi au iachwe.

Na mpira ukishaharibika, uharibike kwa bei nafuu. Kwotabeki akitoka nje ya eneo lililokuwa kati ya tekeli wawili anaruhusiwa kuutupa mpira nje, mradi ufike mstari wa kuanzia. Akiutupa kusikokuwa na mpokeaji akiwa bado ndani ya eneo hilo, anapoteza jaribio na mpira unawekwa palepale alipotupia.

Mwisho, Mhariri, ombi kwa dawati lako la michezo. Takwimu rasmi za vyuo zinahesabu yadi zinazopotea kwotabeki anapoangushwa kuwa ni yadi za kukimbia. NFL inazitoa kwenye pasi. Tuseme timu imekimbia mara 30 na kupata yadi 140, na kwotabeki wake ameangushwa mara 5 kwa hasara ya yadi 38. Jedwali la chuo litasomeka mbio 35, yadi 102, na mwandishi ataandika kwamba timu haiwezi kukimbia, kumbe haiwezi kuhesabu. Mnapoandika kwamba kwotabeki ameangushwa, tuambieni walivamia wangapi, walizuia wangapi, mpira ulikaa mkononi sekunde ngapi, na kama aliyemwangusha alipambana na mtu au alipita wazi. Mistari miwili ya gazeti inatosha.

Msomaji wenu wa kurasa za michezo